Msemaji wa Sinema ya Gari: Habari za Jumba Lisilokuwa na Kuta katika Nyanda za Juu za Kusini

Wanaoandika habari za sinema katika Afrika ya Mashariki aghalabu huanza na majumba, na haki wanayo. Jumba lina mwaka lililofunguliwa, lina mwenyewe, lina fundi aliyelichora, na hata likiisha kubomolewa huacha nyuma yake hati na picha. Mjini Unguja, mathalani, yajulikana ya kuwa jumba la Royal lilifunguliwa katika mwaka wa 1921 na mfanya biashara Hassanali Adamji Jariwalla. Ya kuwa mchoro wake ulikuwa wa J. H. Sinclair, aliyepata pia kuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza katika visiwa hivyo. Ya kuwa liliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa jumba jingine, Majestic, kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, likafunguliwa mwaka wa 1955. Dar es Salaam nako kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon na Empress, na tangu mwaka wa 1966 uwanja wa kutazamia sinema watu wakiwa ndani ya magari yao. Uwanja huo haupo tena: ubalozi wa Marekani ulijengwa mahali pake, lakini wapanda daladala wangali wakikitaja kituo cha hapo kwa jina la sinema ile.

Historia ya namna hii ina kasoro moja. Huhesabu kuta, kwa hiyo mahali pasipokuwa na kuta huhesabiwa kuwa mahali pasipokuwa na sinema. Mtu akiyafuata majumba peke yake atasafiri kutoka mji hadi mji, Tanga, Moshi, Dodoma, Morogoro, kisha ataruka hadi Iringa na Mbeya, na katikati yake ataona giza tupu. Ilula imo katika giza hilo.

Ilula ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Msafiri akiisha kuuvuka Ruaha Mbuyuni hupanda mlima wa Kitonga, na akifika juu hewa hubadilika, joto likabaki bondeni. Kisha huingia katika nchi ya Wahehe, penye mashamba ya vitunguu na nyanya, na kabla hajafika Iringa, zikiwa zimesalia karibu kilometa 50, hupita Ilula. Mbele kidogo ni Lugalo, ambako mwezi wa Agosti, 1891, majeshi ya Mkwawa yalilishinda jeshi la Wadachi lililoongozwa na Emil von Zelewski. Nchi ambayo habari kama hiyo husimuliwa kwa mdomo kutoka babu hadi mjukuu ni nchi ya watu wasiohitaji kufundishwa namna ya kumsikiliza msimulizi. Neno hili lifaa kukumbukwa, kwa sababu sinema iliyozifikia sehemu za namna hii ilifika pamoja na msimulizi wake.

Sinema hiyo ni ile ya gari. Katika Tanganyika mwanzo wake mkubwa ulikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka wa 1935. Huko kilianzishwa kituo cha majaribio ya kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis, wa idara ya uchunguzi ya Baraza la Kimataifa la Misioni, na sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na Shirika la Carnegie la New York. Wakuu wa kazi walikuwa wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa zamani msimamizi wa mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya wenyeji katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kazi yao ilidumu hadi mwaka wa 1937, na katika muda huo walitengeneza filamu 35. Nyingine zilihusu malaria ya watoto wachanga, nyingine safura, nyingine kodi na matumizi yake, nyingine kahawa na mbegu bora. Moja iliyotajwa sana ilihusu akiba ya Posta: mtu mmoja afukia fedha zake ardhini, naye mwivi amwona, mwenzake aziweka Posta, zikasalimika. Wachezaji walikuwa wenyeji wasiokuwa na mafunzo yo yote ya kuigiza, na walichezea mahali wanapokaa.

Filamu hizo zilikuwa za upana wa milimita 16, nazo hazikuwa na sauti. Sauti iliwekwa mbali, juu ya sahani za santuri, nayo sahani ilipigwa kwa wakati ule ule picha zilipokuwa zikipita. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama kidogo, maana katika ufundi huo mlikuwa na fikira nzuri na balaa yake pamoja. Fikira nzuri ni hii: filamu ni moja, lakini sahani zaweza kuwa nyingi. Picha ile ile yaweza kusemewa Kiswahili kwa Wazigua, Kiganda kwa Waganda na Kinyanja kwa watu wa Nyasa, pasipo kuigusa filamu yenyewe. Kwa nchi yenye lugha nyingi hakuna njia iliyokuwa rahisi zaidi. Balaa ni kwamba filamu hukatika. Gari lililopita barabara za vumbi na mawe kwa miezi mizima halikosi kuichakaza mali liliyoibeba, na filamu ikikatika fundi huiunga kwa kukitupa kipande kilichoharibika. Tangu hapo picha huwa fupi kuliko sauti yake. Mwivi amekwisha kukimbia na fedha, nayo sahani ingali ikieleza jinsi anavyochimba. Santuri haina macho. Haiwezi kuingojea picha wala kuikimbilia.

Mtu mwenye kinywa aweza. Basi hata katika majaribio yale ya Vugiri, ilionekana mara kwa mara ya kuwa ni afadhali kuiacha santuri na kumsimamisha mtu kando ya kitambaa, mwenye kipaza sauti mkononi, aseme yale yanayoonekana kwa lugha ya wale waliokaa mbele yake. Wakati Idara ya Filamu za Makoloni ilipoundwa London mwaka wa 1939, chini ya uongozi wa William Sellers, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi ya sinema ya gari katika Nigeria, njia ya mtu mwenye kipaza sauti ilifanywa kuwa desturi. Filamu zilitoka Ulaya zikiwa bubu pamoja na karatasi ya maelezo, na kila nchi ilimtafuta msemaji wake.

Sababu ya lugha ni nzito zaidi ya sababu ya ufundi. Katika Nyanda za Juu za Kusini gari likitoka Iringa kwenda Mbeya na Tukuyu lilipita katika nchi za Kihehe, Kibena, Kisangu, Kisafwa na Kinyakyusa, na kama lingepinda huku na huku lingekutana na Kikinga na Kinyiha pia. Hakuna aliyeweza kuirekodi sahani kwa kila lugha mojawapo ya hizo. Lugha iliyobaki ilikuwa Kiswahili, nacho katika miaka ile kilikuwa katika hali ya pekee. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanza kazi mwaka wa 1930, nayo ilikuwa ikiusimamisha usanifu wa lugha juu ya Kiunguja. Kiswahili hicho kilifika bara kwa njia ya kitabu cha shule, barua ya serikali, mahakama na kanisa: njia ambazo mtu huketi, akanyamaza, akasikia au akasoma. Sinema ya gari ilikuwa njia nyingine kabisa. Hapo Kiswahili kilisemwa mbele ya umati, usiku, kwa sauti kubwa, na umati ulijibu. Msemaji aliyetumia neno lisiloeleweka hakuhitaji barua ya mkaguzi kumwambia; alilijua kosa lake papo hapo, kwa minong'ono na kicheko, akalibadili neno au akaliongezea la Kihehe, akaendelea.

Msomaji ambaye hakupata kuhudhuria onyesho la namna hiyo apaswa kulichora moyoni mwake. Gari hufika mchana, na habari hutangulia mbele yake. Mahali pa wazi hutafutwa, aghalabu uwanja wa shule au wa gulio. Nguzo mbili husimikwa, kitambaa cheupe huwambwa, jenereta huwekwa mbali ili mngurumo wake usiumeze usemi, na waya huvutwa. Kisha hungojwa giza. Katika nchi iliyo karibu na ikweta jua halichelewi sana mwaka mzima, kwa hiyo saa moja na nusu usiku kazi yaweza kuanza. Lakini katika Uhehe miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi barabara zipitikapo vizuri, ni miezi ya baridi kali, na watu huja wamejifunika mablanketi, watoto wakiwa mbele chini, wazee juu ya viti walivyokuja navyo. Muziki wa santuri hupigwa kwanza kuwakusanya waliochelewa. Ndipo mtu mmoja husimama, akasalimu, akawaambia kitakachoonekana.

Kitabu kimoja cha filamu ya milimita 16 chenye urefu wa futi 400 huisha kwa dakika 11 kikiendeshwa kwa mwendo wa filamu za sauti, na kwa dakika zipatazo 16 kikiendeshwa kwa mwendo wa filamu bubu. Kila kiishapo, mashine husimama, taa huwashwa, fundi hukivisha kingine. Mwanya huo ulikuwa mali ya msemaji. Hapo ndipo alipoulizwa maswali, alipotania, alipoirudia hadithi kwa ajili ya wale wasiosikia vema, na alipoutia utabiri wa yatakayofuata. Wengine walikaa nyuma ya kitambaa kwa kukosa nafasi, nao waliziona picha zile zile lakini zimegeuka, mtu wa mkono wa kulia akawa wa kushoto, na maandishi yakasomeka kinyume. Kwao hao hasa, na kwa wasiojua kusoma, sinema ilikuwa sauti ya msemaji kabla ya kuwa kitu kingine.

Kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, yafaa kuitazama tena hadithi mashuhuri ya kuku. Katika mwaka wa 1961 John Wilson, mwalimu wa Kiingereza, aliandika habari za filamu moja ya afya iliyoonyeshwa kijijini, iliyofundisha jinsi ya kuyaondoa maji yaliyotuama. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu ya kuwa wameona kuku. Watengenezaji hawakujua hata kama mlikuwa na kuku. Walipoichunguza filamu walimwona akikatiza pembeni kwa nukta moja tu. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan aliichukua hadithi hiyo akaitia katika kitabu chake kilichosomwa duniani kote, na tangu hapo imekuwa dalili ya kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Nyingine ya ukoo huo ni ile ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, wakajibu ya kuwa kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo, basi hawana la kuogopa. Wataalamu wa siku za baadaye, kama James Burns, wamezitilia shaka hadithi hizi, kwa sababu hupatikana zimesimuliwa mahali pengi mno kwa maneno yale yale, kama ngano.

Lakini hata zikichukuliwa kuwa kweli, kuna swali ambalo hawakuulizwa wasimulizi wake: msemaji alikuwa akisema nini kuku alipopita? Filamu ilikuwa inatazamwa kwa masikio pia. Ikiwa msemaji alikuwa ameisoma karatasi kwa Kiswahili cha ofisini, chenye maneno ya usafi na uangamizaji wa viluwiluwi, si ajabu macho ya wasikilizaji yalikwenda kwa kitu walichokijua. Na yule anayesema hatuna mbu wakubwa namna hii huenda hakuwa mjinga hata kidogo. Kila mwenye kuzijua baraza za kijijini hutambua mzaha unaosemwa kwa uso mkavu mbele ya mgeni mwenye mashine.

Sellers na wenzake walifanya kanuni kutokana na fikira hiyo ya ujinga: picha ziende polepole, jambo moja lioneshwe kwa muda mrefu, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, wala ujanja wo wote wa kamera. Kanuni hizo zilitumika kwa muda mrefu. Katika miaka ile ile, watu wa Unguja na wa Dar es Salaam, Waswahili wa mitaani, wengi wao wasiojua kusoma, walikuwa wakilipa fedha zao wenyewe kutazama filamu za Marekani na Misri na Uhindi zilizojaa kila ujanja uliokatazwa na Sellers, wala hawakupotea njia. Filamu ya Raj Kapoor, Awara, ya mwaka wa 1951, na Mother India ya mwaka wa 1957, zilipendwa mno katika miji ya pwani, nazo zilisemwa kwa Kihindi bila ya tafsiri ya Kiswahili. Aliyeelewa alimweleza jirani yake. Hata ndani ya jumba lenye kuta na viti vya mito, kumbe, alikuwamo msemaji, ila alinong'ona.

Jaribio la kuitia lugha ndani ya filamu yenyewe lilifanywa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati serikali ilipoungana na kampuni ya Afrika ya Kusini kutengeneza hadithi za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika. Muhogo Mchungu, ya mwaka wa 1952, ndiyo ikumbukwayo zaidi, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa maendeleo ya jamii, Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanahistoria wa siasa hulitaja jambo hili kama kichekesho kidogo cha ujana wake. Halipaswi kuchukuliwa hivyo. Mtu aliyewahi kusikiwa na kuonekana katika vijiji ambavyo hajavikanyaga, akisema Kiswahili kilichoeleweka na watu wa makabila yote, alikuwa amepata kitu ambacho mwanasiasa ye yote wa miaka ile angekitamani.

Baada ya Uhuru magari hayakusimama. Yalibadili bwana na ujumbe. Wizara za serikali ziliyatuma yenye habari za kilimo, za elimu ya watu wazima na za siasa ya Ujamaa. Shirika la Filamu la Tanzania liliundwa mwaka wa 1968, na katika miaka ya 1970 lilitoa Fimbo ya Mnyonge. Makampuni ya sabuni na ya dawa yalikuwa na magari yao, na makanisa yalipita na filamu ya maisha ya Yesu ya mwaka wa 1979, ambayo ilikuwa imetiwa Kiswahili ndani yake. Barabara ya Kitonga ilipotiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, safari ambayo masika yaliweza kuizuia kwa siku nyingi ikawa ya siku moja.

Lugha ya kawaida imehifadhi alama za haya yote, na yafaa zitazamwe na wenye kutunga kamusi. Sinema na filamu ni maneno yaliyoingia yakakaa katika ngeli ya i-/zi- kwa utulivu. Neno picha lina habari nzuri zaidi. Picha inayotundikwa ukutani ni picha hii; lakini mtu wa mitaani akitoka kutazama filamu husema ya kuwa picha lilikuwa zuri, picha lile la jana, na mapicha ya Kihindi. Jina ni lile lile, ila upatanisho umehamia ji-/ma-, kwa njia ile ile ambayo Kiswahili hukuza vitu. Wasemaji, bila ya kuelekezwa na mtaalamu ye yote, wametenganisha picha isiyokwenda na ile iendayo kwa kuikuza hii ya pili. Na mwenye kukumbuka ukubwa wa kitambaa usiku uwanjani haoni ajabu. Stelingi ni neno jingine. Asili yake ni neno la Kiingereza lililotangulia majina ya wachezaji wakuu mwanzoni mwa filamu. Watazamaji walilisoma kana kwamba ni cheo, likawa jina la shujaa mwenyewe, na wingi wake ni mastelingi. Mpinzani wake alibaki na neno la zamani, adui. Kaboi alikuwa mtu kwanza, kisha akawa aina ya picha. Maneno haya hayakutoka katika Kamati yo yote, na jambo hilo peke yake latosha kuyapa heshima ya kuchunguzwa.

Linalokosekana katika orodha hiyo ni jina la msemaji mwenyewe. Hapa ulinganisho na nchi ya mbali, Japani, utasaidia. Sinema ilifika Japani katika miaka ya 1896 na 1897, na jumba la kwanza la kudumu, Denkikan, lilifunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka wa 1903. Tangu mwanzo filamu bubu za nchi hiyo zilisemewa na mtu aliyesimama kando, aliyeitwa benshi. Yeye ndiye aliyewatia wachezaji maneno vinywani, akaibadili sauti yake kwa mwanamke, mzee na mtoto, akaeleza desturi za Wazungu zilizokuwa geni. Benshi mkubwa, kama Tokugawa Musei, jina lake liliwavuta watu kuliko majina ya wachezaji. Masimulizi yao yalirekodiwa katika sahani za santuri zikauzwa madukani. Filamu za sauti zilipoingia katika miaka ya 1930 kazi yao iliondoka, na baadhi yao waliumia vibaya. Heigo, kaka yake mtengeneza filamu Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Alijiua mwaka wa 1933. Hata hivyo sanaa haikuzimika: Matsuda Shunsui alizikusanya filamu na kuyaendeleza masimulizi, na mwanafunzi wake, Midori Sawato, amezisemea filamu bubu mbele ya watazamaji wa nchi nyingi.

Kazi ya benshi na kazi ya msemaji wa Kiswahili zilikuwa moja kwa asili. Tofauti ni kwamba benshi alihesabiwa kuwa msanii, naye msemaji wa gari alihesabiwa kuwa mtumishi wa serikali wa daraja la chini, pamoja na dereva na fundi. Taarifa za magari hayo hutaja idadi ya maonyesho na ya watazamaji, hutaja mafuta yaliyotumika na filamu zilizochakaa. Maneno yaliyosemwa hayakuandikwa, kwa kuwa ilidhaniwa ya kwamba yamo katika karatasi iliyotoka London. Kila aliyepata kumsikia mtu akifasiri hadharani ajua ya kuwa hayakuwamo.

Sanaa yenyewe ilitokea tena mahali ambapo haikutazamiwa. Mikanda ya video ilipoingia nchini katika miaka ya 1980, na zaidi baada ya biashara kulegezwa, vibanda vya kuonyeshea filamu vilienea mijini na katika vituo vya barabara kuu. Watu waliviita kibanda umiza, jina ambalo ndani yake kitenzi kimeachwa bila ya kiambishi cho chote, na maana yake haimpiti mtu aliyewahi kubanwa juu ya ubao mmoja na wenzake kumi. Filamu zilikuwa za Hong Kong, za Marekani, za Uhindi, baadaye za Nigeria. Ndipo alipotokea Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye aliitia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu hizo, akazirekodi na kuzisambaza, na akawafungulia njia wengi waliomfuata. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza kazi hiyo, ameonyesha ya kuwa chimbuko lake limo katika sinema ya gari: kijana aliyemsikia msemaji kando ya kitambaa ndiye aliyekuwa mfasiri wa video. Katika Uganda sanaa iyo hiyo imesitawi kwa Kiganda, na wasemaji wake, kama VJ Jingo, ni watu mashuhuri.

Wafasiri hawa wamelaumiwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba huuza kazi za watu bila ya idhini, na lawama hiyo ina msingi wa sheria. La pili ni kwamba hawafasiri sawasawa: huongeza, hupunguza, humpa mchezaji wa Hong Kong jina la mtaa wa Dar es Salaam, huingiza methali na kumkejeli adui. Lawama hii ya pili haina uzito mbele ya wanafunzi wa lugha. Ikiwa mtambaji wa hadithi hasutwi kwa kuitamba kila mara kwa namna nyingine, haielekei kumsuta mtu huyu kwa kutoifuata filamu neno kwa neno. Kiswahili chake chaweza kuchunguzwa kama kinavyochunguzwa cha mtambaji: jinsi anavyotenganisha sauti ya msimulizi na ya mhusika, jinsi anavyotumia nyakati za vitenzi ili kuikimbilia picha inayotangulia, mahali anaponyamaza. Hasa matumizi ya wakati wa -ka- na wa hu- katika usemi unaofungwa na mwendo wa picha hayajapata kupewa nafasi yake katika sarufi.

Katika filamu 35 za Vugiri zijulikanazo kuwa zimesalia ni tatu, zote zimehifadhiwa Uingereza. Mojawapo yahusu mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira, karibu na Morogoro, yaani kando ya barabara ile ile ipandayo kwenda Ilula. Picha za wakulima hao zaweza kutazamwa hata leo na mtu ye yote afikaye London. Yaliyosemwa juu yao kwa Kiswahili, mbele ya wakulima wengine, usiku, hayamo katika filamu.

Mahali yalipo ni vichwani mwa wazee. Mtoto aliyekaa mbele ya kitambaa akiwa na miaka 10 katika mwaka wa 1960 amekwisha kupita miaka 70. Mtafiti apandaye Kitonga na chombo cha kurekodia hana haja ya kuuliza jumba la sinema lilikuwa wapi. Na aulize gari lilisimama uwanja gani, nani aliyesema, alisema kwa lugha gani mwanzoni na kwa lugha gani watu walipocheka, alimwitaje mwivi wa fedha zilizofukiwa, na watoto walimwigaje kesho yake walipokwenda kuchota maji.